Barthel, WHODAS au kipimo kingine? Kumpima mgonjwa wa muda mrefu anayeuguzwa nyumbani Mwanza

Mgonjwa akitoka wodini, karatasi anayorudi nayo inataja ugonjwa: kiharusi, moyo, sukari, selimundu, saratani. Haisemi kama anaweza kujisafisha akitoka chooni, kama anafika barabarani kupanda daladala, wala kama mwaka huu amewahi kuhudhuria msiba wa jirani. Na hayo ndiyo yanayoamua nani abaki nyumbani kumwuguza, binti yupi aache biashara yake, na nauli ya bajaji ya kwenda kliniki itoke wapi. Ndiyo maana tunapima ulemavu hata kwa mtu ambaye kila jirani anamjua tu kama "mgonjwa".

Nawaandikia zaidi wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa Nyamagana, Ilemela na visiwani, pamoja na familia zenye mgonjwa ndani. Msimamo wangu nausema mapema. Kama mgonjwa anahitaji mkono wa mtu kwa ajili ya mwili wake, yaani kuoga, kula, kwenda choo, chukua Barthel. Kama mwili anaumudu lakini kazi, safari na watu vimemtoka, chukua WHODAS 2.0, kipimo cha ulemavu cha Shirika la Afya Duniani, ile yenye maswali 12. Vipimo vingine vina kazi zake, lakini kwa nyumba nyingi ninazozijua hivi viwili vinatosha, na kosa kubwa ni kutumia kimoja mahali pa kingine.

Barthel: nani anamshika, na wakati gani

Kipimo cha Barthel kilichapishwa mwaka 1965 huko Maryland, Marekani, na Florence Mahoney na Dorothea Barthel. Kina vipengele 10: kula, kuoga, kunawa uso na kupiga mswaki, kuvaa, kumudu haja kubwa, kumudu haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutembea, na kupanda ngazi. Alama zinapanda kwa tano tano. Kuoga na kunawa vina 0 au 5 tu, vingi vinafika 10, kuhama na kutembea vinafika 15, na anayejitegemea kwa yote anapata 100.

Kanuni yake ya kwanza ni hii: unaandika kile ambacho mgonjwa anakifanya kweli siku kwa siku. Alichofanya jana kwa sababu mgeni alikuwepo hakihesabiwi, na anachodhani angeweza kukifanya hakihesabiwi pia. Gongo au fremu ya kutembelea inaruhusiwa. Mtu akitembea mwenyewe kwa gongo, anajitegemea. Lakini kama lazima mtu asimame karibu kumwangalia asianguke, huo tayari ni msaada.

Tuchukue mfano wa mama wa Igogo aliyepata kiharusi miezi miwili iliyopita, upande wa kulia umelegea. Ugali anaukata kwa mkono wa kushoto, ila sato lazima mtu amtolee miba: kula, 5. Kuoga anaogeshwa, 0. Uso ananawa na meno anapiga mswaki mwenyewe, 5. Gauni analivaa hadi nusu, binti anamalizia, 5. Haja kubwa na ndogo anazizuia vizuri, 10 na 10. Chooni anasindikizwa na kushikwa wakati wa kuchutama, 5. Kutoka kitandani anahitaji kuvutwa kidogo tu, 10. Anatembea uani akiwa ameshikwa na mtu mmoja, 10. Ngazi hawezi, 0. Jumla ni 60.

Uzuri wa Barthel uko ndani ya hiyo 60, kwa sababu kila alama iliyokosekana inakuonyesha kazi ya kufanya. Kuoga 0: je, kiti cha plastiki bafuni na ndoo iliyoinuliwa juu ya tofali vingemwezesha kujimwagia mwenyewe? Choo 5: fundi akipachika bomba la kushikia ukutani, au mkikata shimo katikati ya kiti cha mbao na kukiweka juu ya choo cha shimo, je, atamudu peke yake? Nimeona nyumba ambako kiti cha namna hiyo kilimrudishia mama heshima yake kuliko dawa yoyote iliyokuwa kwenye mfuko. Kipimo ndicho kilichowaonyesha waanzie wapi.

Sasa kasoro zake, na kwa Mwanza si ndogo. Waliokiandaa waliwaza hospitali: choo cha kukaa, sakafu tambarare, ngazi yenye pa kushika. Nyumba nyingi za Mabatini, Igogo na Isamilo zimejengwa katikati ya mawe, na njia ya kutoka mlangoni hadi barabarani ni ngazi za mawe zisizolingana, zinazoteleza mvua ikinyesha. Mgonjwa aliyepata 90 wodini anaweza kufika kwao akawa hatoki nje. Kwa hiyo usinakili alama ya wodini kwenye daftari la nyumbani. Pima upya pale anapoishi. Kipengele cha ngazi sisi tunakipima kwa njia halisi ya kutokea nyumbani kwake, na tunaandika pembeni kwamba tumefanya hivyo, maana huo ni utaratibu wetu na haumo kwenye kipimo chenyewe. Anayesoma alama hiyo hospitali lazima ajue ni mawe ya Mabatini yaliyopimwa, wala si ngazi tatu za chumba cha mazoezi.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: Barthel ina dari. Mtu akishapata 100, kipimo hakina tena cha kukuambia, hata kama maisha yake yamebomoka.

Kuna ndugu yake aliye mfupi zaidi, kipimo cha Katz cha mwaka 1963. Kina vipengele 6, kila kimoja anajitegemea au hajitegemei, jumla 0 hadi 6. Kinafaa kama una dakika mbili mlangoni. Lakini mgonjwa aliyekuwa akinyanyuliwa na watu wawili na sasa anashikwa mkono tu, kwa Katz bado ni sifuri ileile. Familia iliyofanya kazi hiyo usiku na mchana inastahili kuona matunda yake kwenye karatasi. Ukiwa na nafasi ya Barthel, Katz iache.

WHODAS 2.0: maisha yaliyobaki

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa WHODAS 2.0 mwaka 2010. Kipo cha maswali 36, kinachochukua kama dakika 20, na cha maswali 12, kinachochukua kama dakika 5. Ni cha watu wazima, kuanzia miaka 18, kwa hiyo mtoto wa selimundu asipimwe nacho. Kinagusa maeneo sita: kuelewa na kuwasiliana, kutembea, kujihudumia, kuishi na watu, shughuli za nyumbani na kazini, na kushiriki katika jamii. Kila swali linahusu siku 30 zilizopita, na majibu ni matano: hakuna ugumu, ugumu kidogo, wa wastani, mkubwa, na mkubwa kupita kiasi au hawezi kabisa.

Hapa mfano wangu ni mama mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ambaye moyo wake umedhoofika. Miguu inavimba, akipanda kilima anasimama mara tatu kuvuta pumzi. Hakuna anayemwogesha, hakuna anayemshika. Barthel yake ni 100. Kwa karatasi hiyo ni mzima.

Mwulize sasa maswali 12, ukihesabu 1 kwa "hakuna ugumu" hadi 5 kwa "hawezi". Kusimama nusu saa, 3. Kazi za nyumbani zinazomhusu, 3. Kujifunza jambo jipya, 1. Kushiriki shughuli za jamii, 4, maana kikundi cha kuweka na kukopa ameacha kwenda na kwaya pia. Ugonjwa umemsumbua moyoni kiasi gani, 4. Kutuliza akili kwenye jambo moja kwa dakika kumi, 2. Kutembea kilomita moja, 5. Kuoga mwili mzima, 1. Kuvaa, 1. Kuzungumza na watu asiowafahamu, 1. Kudumisha urafiki, 2. Kazi yake ya kila siku, 5. Jumla ni 32, ambapo mtu asiye na ugumu wowote hupata 12 na wa mwisho kabisa hupata 60. Ukitaka kuigeuza iwe kwa mia, toa 12, gawanya kwa 48, zidisha kwa 100. Inakuja kama 42. Ipo pia njia ya kukokotoa kwa kompyuta inayoyapa maswali uzito tofauti, lakini kwa daftari la nyumbani hesabu hii inatosha.

Mtu aliyekuwa "mzima" kwa karatasi moja, kwa nyingine amepoteza soko, kikundi na kwaya. Hilo ndilo pengo linalonifanya niandike. Wagonjwa wa moyo, wa kifua, wa selimundu, wa baridi yabisi, na wanaoishi na VVU kwa miaka mingi wanatembea kwa miguu yao hadi kliniki, wanaambiwa wanaendelea vizuri, wanarudi kukaa gizani. Anayewapima kwa Barthel peke yake anawapunja.

Kwa selimundu WHODAS ina jambo moja la ziada. Ugonjwa huu uko kwa wingi huku Kanda ya Ziwa, na tabia yake ni ya kuja na kuondoka: wiki mbili kijana anacheza mpira, siku nne analia kwa maumivu ya mifupa. Ukimpima siku nzuri unapata mzima, ukimpima siku mbaya unapata mahututi. WHODAS humtaka ajibu kwa kuchukua wastani wa siku nzuri na mbaya, kisha mwishoni inauliza siku ngapi kati ya 30 alipata ugumu, siku ngapi alishindwa kabisa kufanya shughuli zake, na siku ngapi alilazimika kuzipunguza. Msiruke maswali hayo matatu ya mwisho. Mwajiri au mwalimu wa chuo anaelewa "siku 6 kati ya 30" haraka kuliko alama yoyote.

Na WHODAS ina mitego yake. Kwanza, mgonjwa anajibu kwa namna anavyofanya kawaida, pamoja na msaada anaoupata. Mzee anayeogeshwa vizuri na wajukuu anaweza kusema kwa unyoofu kabisa kwamba kuoga hakumpi taabu. Hapo alama inashuka wakati mzigo wa nyumba umepanda. Kwa mgonjwa wa namna hiyo rudi kwenye Barthel, ambayo inamhesabu yule anayemshika.

Pili, kipimo kinauliza ugumu unaotokana na afya. Mama wa Ukara ambaye hakwenda kliniki kwa sababu boti haikuondoka hana ulemavu kwa hilo. Swali kama hilo linaandikwa halimhusu. Ila kama boti ilikuwepo akashindwa kupanda kwa sababu ya magoti, hiyo inahesabiwa. Muulizaji lazima aulize "kwa sababu gani?" kabla ya kuandika.

Tatu, "kilomita moja" haimwambii kitu bibi ambaye hajawahi kupima njia kwa kilomita. Tafuteni mapema umbali unaojulikana mtaani kwenu, mpime mara moja kwa simu, mtumie huo siku zote.

Nani ajibu

Jambo hili linaharibu vipimo kuliko uchaguzi wa kipimo chenyewe. Unamkuta mzee sebuleni, umemwamkia shikamoo au mwangaluka, unaanza kuuliza kuhusu haja ndogo na mkwewe yuko pale pale anasuka ukili. Mzee atasema yuko vizuri. Angesema nini kingine? Maswali ya choo na kuoga yanaulizwa faragha, na ikiwezekana na mtu wa jinsia yake.

Upande wa pili yuko muuguzaji. Mke ambaye hajalala vizuri kwa miezi ataona ugumu pale ambapo mgonjwa mwenyewe hauoni, na wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Mgonjwa akiweza kuongea, mwulize yeye. Asipoweza, WHODAS ina toleo la kujibiwa na mtu wa karibu, na Barthel inaruhusu taarifa za muuguzaji. Lakini andika nani alijibu, na safari nyingine umwulize mtu yuleyule. Alama ya mgonjwa ya Machi na ya muuguzaji ya Juni hazilinganishiki.

Lugha nayo. Wazee wengi wa vijijini Magu, Kwimba na Ukerewe wanaeleza maumivu yao kwa Kisukuma au Kikerewe kwa uwazi zaidi. Msitafsiri papo kwa papo, kila mhudumu kwa maneno yake. Kaeni pamoja kabla, mkubaliane sentensi moja kwa kila swali, muiandike.

Vingine, na lini vinastahili

Lawton, kipimo cha mwaka 1969, kinauliza shughuli nane zinazohitaji akili na mwili kwa pamoja: simu, manunuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, kumeza dawa kwa wakati, na kushika fedha. Mbili za mwisho ni dhahabu kwa mgonjwa wa sukari au presha, na swali la simu siku hizi limekuwa zito kwa sababu fedha nazo ziko humo. Zamani wanaume hawakupewa alama za kupika, usafi na kufua. Msifuate hilo. Wavuvi walioishi makambini miaka ishirini wanajipikia na kujifulia, na mmoja wao akiacha ghafla, hiyo ni habari.

Kwa mzee anayeanza kusahau, kuna kipimo kilichotengenezwa hapa hapa Tanzania, wilayani Hai, Kilimanjaro, kikachapishwa mwaka 2014: IDEA-IADL. Kilitokana na shughuli za wazee wa vijijini, kwa sababu orodha kutoka Ulaya na Marekani hazikuwafaa, na lengo lake ni kusaidia kugundua ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kwa kazi hiyo ningekichagua kabla ya Lawton bila kusita.

Kwa saratani iliyosambaa, madaktari wataandika Karnofsky, kipimo cha miaka ya 1940 kinachoshuka kwa kumi kumi kutoka 100. Kwenye 70 mgonjwa anajihudumia ila kazi hawezi. Kwenye 50 anahitaji msaada mwingi. Ni jicho la daktari kwa sekunde chache, linafaa kuamua matibabu. Nyumbani ningependelea kipimo cha Chama cha Afrika cha Huduma Shufaa (huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso), APCA African POS, chenye maswali 10, kwa sababu saba anaulizwa mgonjwa na matatu anaulizwa anayemwuguza. Kinauliza maumivu, wasiwasi, amani ya moyo. Siku zikibaki chache, kujua kama anaweza kupanda ngazi hakumsaidii mtu.

Maswali sita ya Kundi la Washington, ambalo lilianzishwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001, yanahusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Hayo ni ya sensa na takwimu, na ni mazuri huko. Hayaulizi maumivu, uchovu wala pumzi. Kijana wa selimundu anaweza kuyapita yote sita bila kuonekana. Msiyatumie kufuatilia mtu mmoja.

Na kama hofu yenu ni kuanguka, kuna jaribio lisilohitaji hata karatasi: mgonjwa anainuka kwenye kiti, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anakaa, nawe unahesabu sekunde kwa simu. Mzee akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Fanyeni mahali tambarare, na mtu awe karibu naye.

Ningechagua hivi

Kiharusi, kuumia uti wa mgongo, mtu aliyekatwa mguu kwa sukari: Barthel kwanza. Akivuka 90, ongeza WHODAS, maana kuanzia hapo Barthel haina mengi tena ya kukuambia. Moyo, kifua, selimundu ya mtu mzima, VVU, baridi yabisi: WHODAS ya maswali 12 tangu siku ya kwanza, na Barthel siku akilazwa au akizidiwa tu. Mgonjwa wa figo anayesafisha damu hospitali ya Bugando ningempima kwa WHODAS, na siku za kusafisha damu ningeziandika kando, kwa kuwa zenyewe zinakula wiki.

Familia isiyo na mhudumu wa kuwatembelea waanze na Barthel. Haihitaji mafunzo marefu, na daftari la shule lenye mistari kumi linatosha. Muuguzaji aijaze, amsomee mgonjwa, wabishane kidogo, kisha waipeleke kliniki. Daktari mwenye foleni ndefu anaweza asisome historia ya kurasa mbili, lakini "Barthel 60 mwezi uliopita, 45 leo, ameanza kujikojolea" atainua kichwa.

Kuhusu mara ngapi: baada ya kiharusi, Barthel kila wiki mbili kwa miezi mitatu ya mwanzo, kwa kuwa ndipo mabadiliko yanakuja kwa kasi, halafu kila miezi mitatu. WHODAS isirudiwe kabla siku 30 hazijaisha, la sivyo mgonjwa atakuwa anajibu kuhusu siku zilezile alizokwisha kuzieleza.